Vituo vinane vya kocha wa ulinzi, na kwa nini ukocha mkuu umeshika namba 5

Kwenye futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, mrusha mpira hubandikwa kwenye mabango ya barabarani, na anayemwangusha hubandikwa plasta. Kocha wa huyo anayeangusha ndiye hasikiki kabisa, mpaka siku timu yake ipigwe pointi 50, hapo ndipo mji mzima unajua jina lake, anapokaa na gari analoendesha. Leo nataka tumtaje kwa wema. Nimepanga vituo vinane vya safari yake ya kazi, kuanzia ninachokipenda kidogo hadi ninachokipenda kupita vyote. Sikupanga kwa mshahara. Ningepanga kwa mshahara, namba moja ungeijua kabla hujakaa.

Kwa ndugu zangu wa soka, maelezo ya haraka: huku timu ina vikosi viwili, cha kushambulia na cha kulinda, watu 11 kila kimoja, na vinapokezana uwanjani. Ulinzi una mkuu wake, ambaye kwa kila mpira unaochezwa anaamua nani asimame wapi na nani amvamie nani. Chini yake wapo makocha wa makundi: wa mstari wa mbele, wa malinibeka wanaosimama nyuma ya mstari huo, na wa mabeki wa nyuma kabisa. Juu yake yupo kocha mkuu. Haya, twende.

8. Ukocha mkuu wa siku 18

Desemba 2018, Manny Diaz, aliyekuwa mkuu wa ulinzi wa Miami, alikubali kuwa kocha mkuu wa Temple kule Philadelphia. Siku 18 baadaye kocha mkuu wa Miami, Mark Richt, akastaafu, na Diaz akarudi Florida kukalia kiti chake. Wapo watu wanaokaa muda mrefu zaidi kwa shemeji wakati wa likizo.

Nimekiweka mkiani kwa sababu ya vijana wa Temple, ambao hawakuwa wamekosa lolote. Ila Diaz ana jambo moja linalomwombea msamaha kwangu: hakucheza futiboli chuoni. Alikuwa na kazi ESPN, akaiacha ili akaanzie chini kabisa pale Florida State. Mtu anayeacha kazi ya televisheni ili akakate video za mazoezi anaupenda huu mchezo, hilo halina mjadala.

7. Kushikwa mkanda ukiwa kazini

Brent Venables alipokuwa mkuu wa ulinzi wa Clemson, alikuwa na mtu maalumu wa kumvuta nyuma. Usicheke, ilikuwa kazi kweli. Makocha hawaruhusiwi kuingia uwanjani mpira ukichezwa, na timu inaweza kuadhibiwa kwa kupoteza yadi. Venables akiona mpira unakwenda kushoto, naye anakwenda nao. Basi mmoja wa makocha wa viungo akapewa jukumu la kumdaka mkanda na kumrudisha kwenye mstari, mechi nzima, kama mama aliyeshika mtoto stendi ya mabasi.

Ukielewa anachokifanya pale pembeni, utamhurumia. Saa ya kuanzisha mpira ni sekunde 40. Ndani ya hizo anatakiwa aone washambuliaji wapya walioingia, akisie wanachotaka, achague mpangilio, na ujumbe uwafikie watu 11 huku uwanja wenye mashabiki 80,000 ukipiga kelele. Kwa miaka mingi ujumbe huo ulipita kwa ishara za mikono na mabango ya picha. Tangu 2024, timu za daraja la juu zinaruhusiwa redio kwenye helmeti ya mchezaji mmoja wa ulinzi, na redio hiyo hukatwa saa ikibakiza sekunde 15. Baada ya hapo, kocha, kazi imekutoka mikononi. Ndiyo maana miguu inamtangulia.

Na huyu anayevutwa mkanda si mtu wa mzaha. Januari 3, 2001, akiwa bado Oklahoma na akigawana ukuu wa ulinzi na Mike Stoops, walikutana na Florida State kwenye fainali ya taifa. Wapinzani walikuwa na Chris Weinke, mshindi wa Heisman wa msimu huo, tuzo ya mchezaji bora. Matokeo: 13 kwa 2. Hata hizo 2 hazikutoka kwa Weinke na wenzake. Zilitokana na mpira ambao Oklahoma wenyewe waliurusha vibaya wakitaka kupiga teke. Mshindi wa Heisman na kikosi chake walirudi nyumbani na sifuri.

6. Kibarua kuota nyasi

Hakuna kocha wa ulinzi aliyekomaa ambaye hajafungasha virago angalau mara moja. Mfano ninaoushika ni Kevin Steele. Januari 4, 2012, Clemson yake ilifungwa na West Virginia 70 kwa 33 kwenye mashindano ya Orange Bowl. Ilipofika mapumziko ilikuwa 49 kwa 20. Haki isemwe: si zote zilikuwa za ulinzi. Clemson walipokuwa karibu kabisa na mstari wa lango, Darwin Cook wa West Virginia aliunyakua mpira, akakimbia nao yadi 99, na kwa mwendo aliokuwa nao akamalizia kwa kumgonga kikaragosi wa mashindano. Siku ikikukataa, hata kikaragosi anaanguka.

Steele akaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na yule mzee wa mkanda, Venables, ambaye aliisaidia Clemson kutwaa ubingwa wa taifa wa misimu ya 2016 na 2018. Hapo wengi hufunga kitabu. Mimi sifungi. Novemba 2017 Steele alikuwa mkuu wa ulinzi wa Auburn, na ndani ya mwezi huo mmoja Auburn iliwapiga Georgia 40 kwa 17 na Alabama 26 kwa 14. Timu zote mbili zilikuja zikiwa namba 1 nchini. Aliyefungwa 70 aliwazuia vinara wawili. Nikiona kocha anatolewa mlangoni na maboksi, huwa nakumbuka Novemba ile.

5. Ukocha mkuu

Naam, umesoma sawasawa. Namba 5. Rudisha ngumi mfukoni tuongee.

Kiti hiki kina heshima yake. Kirby Smart alikikalia Georgia akitokea kwenye ulinzi, akachukua ubingwa wa msimu wa 2021 na wa 2022, huo wa pili kwa 65 kwa 7 dhidi ya chuo cha TCU. Lakini kiti hiki kinamtoa mwalimu darasani. Kocha mkuu anakula chakula cha jioni na wafadhili. Tangu Julai 2021, wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, kwa hiyo anakaa na mawakala na wanasheria pia. Mchezaji asiyefurahi anaweza kuhama msimu ukiisha. Muda wa kukaa na kijana wa miaka 19 mkatazama video ya hatua yake ya kwanza ameuacha ngazi ya chini.

Venables alirudi Oklahoma kuwa kocha mkuu mwishoni mwa 2021. Oktoba 2022, Texas wakaifunga timu yake 49 kwa 0 kule Dallas. Mwaka uliofuata akawarudishia, 34 kwa 30. Kisha msimu wa 2025 akaamua kupanga ulinzi yeye mwenyewe tena. Mpishi aliyepewa umeneja amerudi jikoni, na sitaki kusikia mtu akimlaumu.

4. Usiku wa kuomba kazi

Dan Lanning alikuwa akifundisha kwenye sekondari moja ya Missouri. Mwaka 2011 aliwasha gari akaenda Pittsburgh kuomba nafasi kwenye timu ya chuo, zaidi ya kilomita 1,300. Alipata nafasi ya msaidizi wa ngazi ya chini kabisa, ile ya kijana anayesoma shahada ya pili huku akitumikia timu.

Nafasi hiyo inatisha kuliko jina lake. Msaidizi huyu anakata video za mpinzani, mchezo mmoja mmoja, na kuzipanga kwa mafungu: wakibakiza yadi moja hufanya nini, wakibakiza nane hufanya nini. Halafu anachukua kadi na kalamu ya rangi na kuchora kila mchezo wa mpinzani, duara kwa kila mshambuliaji na mshale kwa kila mbio. Kesho yake anasimama katikati ya wachezaji wa akiba na kuinua kadi juu ili wamuige mpinzani mbele ya walinzi wa kikosi cha kwanza. Mshale ukielekea pasipo, ulinzi mzima unafanya mazoezi ya kuzuia kitu ambacho Jumamosi hakitakuwepo, na kocha atajua ni nani aliyechora. Malipo ni ada ya chuo na posho. Usingizi unajitafutia mwenyewe.

Lanning alifika hadi kuwa mkuu wa ulinzi wa Georgia. Ulinzi wake wa 2021 ulitoa wachezaji watano kwenye raundi ya kwanza ya usajili wa ligi ya kulipwa wa 2022, na wa kwanza kabisa kuitwa, Travon Walker, alikuwa mmoja wao. Desemba 2021 alipewa ukocha mkuu wa Oregon. Angeweza kuondoka na begi lake siku hiyo hiyo. Alibaki hadi fainali, akatwaa kombe na vijana wake, ndipo akahama. Manny, unasoma?

3. Kushuka ngazi kwa hiari

Hapa ndipo Kirby Smart ananifurahisha kuliko akiwa na makombe. Mwaka 2001, akiwa kijana mbichi, alikuwa tayari mkuu wa ulinzi wa Valdosta State, chuo kidogo cha Georgia. Cheo anacho. Mwaka 2002 akakiacha, akaenda Florida State kuwa msaidizi wa kuchora kadi, chini ya kocha mkuu Bobby Bowden na mkuu wa ulinzi Mickey Andrews, mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora ilipoanzishwa 1996. Kutoka bosi hadi mbeba kadi! Mjomba wako angeitisha kikao cha ukoo.

Mwaka 2004 akawa kocha wa mabeki LSU chini ya Nick Saban. Mwaka 2005 akafundisha wakimbiaji wa Georgia, yaani alivuka kambi akakaa na washambuliaji, kikosi anacholipwa kukizuia. Akaenda timu ya kulipwa ya Miami Dolphins, kisha Alabama, akawa mkuu wa ulinzi kuanzia 2008 hadi 2015. Alipopata ukocha mkuu, alikuwa ameuona mchezo kutoka kila dirisha la nyumba.

2. Mwalimu wa kundi moja

Larry Johnson alifundisha sekondari za Maryland na Virginia kwa miaka mingi kabla Penn State hawajamwita mwaka 1996, ambako alikuja kuwa kocha wa mstari wa mbele wa ulinzi. Mwanzoni mwa 2014 kocha mkuu akaondoka, Johnson akashikilia kiti kwa muda, kisha kiti akapewa mwingine. Johnson akahamia Ohio State na kuendelea na kazi ile ile: vijana wakubwa wanne, hatua ya kwanza na mikono.

Mikono ndiyo somo lenyewe. Mlinzi wa mbele hamsikilizi mrusha mpira, maana huyo anaweza kumdanganya kwa sauti. Anautazama mpira, na ukitikisika tu anaondoka. Mpinzani wa kilo 140 ananyoosha mikono amkamate kifuani, na hapo mlinzi anatakiwa aipige ile mikono chini kabla haijafika, ashushe bega, apite. Ni tendo la chini ya sekunde moja, na hurudiwa maelfu ya mara. Waliopita kwenye mikono ya Johnson pale Ohio State ni pamoja na Joey Bosa, Nick Bosa na Chase Young, walioitwa wa tatu mwaka 2016, wa pili 2019 na wa pili 2020 kwenye usajili wa ligi ya kulipwa. Kiti alinyimwa. Wanafunzi nani angemnyima?

1. Kubaki

Bud Foster alicheza Murray State ya Kentucky, akaanza ukocha hapo hapo, na mwaka 1987 akamfuata kocha mkuu Frank Beamer kwenda Virginia Tech. Mwaka 1995 akawa mmoja wa wakuu wawili wa ulinzi, kisha mkuu peke yake. Alikaa mpaka 2019. Jina lake lilitajwa kwenye nafasi za ukocha mkuu mara kadhaa, mwaka 2006 akapata Broyles, na mwaka 2015 Beamer mwenyewe alipostaafu, kocha mpya, Justin Fuente, hakumwondoa. Angemwondoa angeanza kazi kwa kugombana na mji.

Alama ya ulinzi wake ilikuwa kopo la chakula la bati lililochakaa, lile la mfanyakazi wa zamu. Wachezaji walilibeba wakiingia uwanjani. Ndani waliweka malengo ya msimu. Msimu wa 2007, baada ya mauaji ya Aprili 16 pale chuoni, kopo hilo lilibeba majina ya watu 32 waliouawa. Kocha anayehama kila baada ya miaka miwili hawezi kupewa mzigo huo aubebe kwa niaba ya mji. Hajakaa vya kutosha hata kujua watu wamezikwa wapi.

Novemba 2019, akiwa ameshatangaza kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho, ulinzi wake ulikwenda Atlanta ukaizima Georgia Tech, 45 kwa 0. Wiki moja baadaye, Novemba 23, ikawa mechi yake ya mwisho nyumbani Blacksburg, dhidi ya Pittsburgh. Ikaisha 28 kwa 0. Anayetaka kunibishia kuhusu namba 1 namkaribisha kwa mikono miwili, ila aje kwanza na pointi moja ya Pittsburgh ya siku ile.