Namna ya Kuifikisha Roboti ya Vita Kwenye Televisheni Ukitokea Wang'uru

Swali la kwanza utaulizwa na mama yako, la pili na fundi utakayemwendea kuazima grainda, na yote mawili ni swali moja: "Hiyo mashine italima?" Jibu la kweli ni hapana. Roboti ya vita hailimi, haivuni, wala haimfukuzi kwelea kwelea shambani. Inaingia ulingoni, inakutana na mwenzake wa uzito uleule, na kazi yake ni kuwa bado inatembea dakika tatu zikiisha. Jibu hivyo bila kuona haya. Kijana aliyejenga mashine ya kustahimili dakika tatu za kipigo ndiye atakayejua kesho kwa nini shafti ya rotaveta imekatika katikati ya tope, na ataitengeneza isikatike tena.

Ujue kwanza unakokwenda. Mchezo huu ulianza kupata jina San Francisco mwaka 1994, Marc Thorpe alipoandaa Robot Wars ya kwanza. BBC ya Uingereza ikaufanya kipindi cha televisheni mwaka 1998, na mwaka 2000 Marekani wakaanza kuonyesha BattleBots, ambayo ilizimika baadaye na kurudi mwaka 2015. Roboti kubwa za BattleBots hazipaswi kuzidi pauni 250, yaani kama kilo 113. Dereva husimama nje ya ulingo akiwa na rimoti. Roboti ikishindwa kusogea huhesabiwa hadi 10, na pambano limekwisha. Zikimaliza zote mbili zikiwa hai, majaji watatu hugawa alama, kila jaji akiwa nazo 11: za uharibifu 5, za ushambulizi 3, za udhibiti 3.

Piga hesabu hiyo mara mbili kabla hujagusa chuma. Alama 6 kati ya 11 ni za namna unavyoiendesha. Ndiyo maana mtu wa kwanza wa kutafutwa ni dereva, na Wang'uru, mji wetu wa mpunga hapa Mwea, haikosi madereva. Nenda steji ya boda boda utafute yule anayepita katikati ya matatu na mikokoteni akiwa na gunia la mpunga nyuma, na asiguse kioo cha mtu. Mpe rimoti na roboti isiyo na silaha. Chora duara kwa chaki kwenye sakafu ya simiti, umwambie alizunguke. Roboti ikiwa inamwendea mbali, kazi ni rahisi. Ikigeuka na kumjia, kulia kwake kunakuwa kushoto kwa roboti, na hapo ndipo utakapoiona ikijibamiza ukutani. Afanye mazoezi hayo kila jioni hadi mkono uache kuuliza ubongo. Timu nyingi huumaliza muda wote kwenye kujenga, zikamkabidhi dereva rimoti siku ya pambano. Hilo ni kosa kubwa kuliko bolti iliyolegea.

Vijana wakishapata dereva hutaka kuruka moja kwa moja hadi kilo 113. Wazuie. Mchezo huu una madaraja madogo yanayoheshimika duniani kote: Waingereza wana roboti za gramu 150, na Wamarekani wana za gramu 454 na za kilo 1.36. Anza na ya kilo 1.36. Utaipima kwenye mizani ya muuza mchele pale barabarani, utaibeba kwenye begi la shule, na ikiharibika hasara yake haitaitisha kikao cha ukoo. Kila somo la kilo 113 limo ndani ya hiyo ndogo: uzito, umeme, joto, mtikisiko, na hasira za dereva.

Usianze kazi wakati wa mavuno. Novemba na Desemba kila fundi wa Wang'uru ana mashine ya mkulima mezani, na mkulima mwenye mpunga shambani ana haki ya kutangulia. Msimu ukipoa, mwendee fundi na heshima zako, umwite fundi hata kama mlisoma darasa moja, na ufike ukiwa na mchoro. Usimwambie, "Nitengenezee kitu kikali." Mwonyeshe kipande, unene, na mahali pa matundu.

Kuhusu chuma, skrepu ya Mwea ni shule tosha, ila uisome vizuri. Springi ya lori ni chuma cha hali ya juu. Wahunzi wamefua mapanga kwa chuma hicho kwa miaka mingi. Inafaa kwa meno ya silaha. Lakini ukiichomelea hivihivi ikiwa baridi, sehemu iliyo kando ya mshono inakuwa ngumu na kavu, na pigo la kwanza litapasua hapo hapo, milimita chache kutoka kwenye mshono wenyewe uliokuwa ukijivunia. Ipashe moto kabla ya kuchomelea na uiache ipoe polepole, au afadhali zaidi, ifunge kwa bolti. Na bolti nayo ina maandishi. Ishike kwenye mwanga uangalie kichwa chake: ukiona 8.8 au 12.9, hiyo ni alama ya nguvu, na kubwa ndiyo ngumu zaidi. Bolti isiyo na alama yoyote iache ishikilie mlango wa banda la kuku. Nimeona mashine nzuri ikimwagika mezani kwa sababu ya bolti nne za bei ya chini.

Kwa roboti kubwa zaidi, mota za magurudumu zinapatikana kwenye drili za betri zilizokufa. Ndani yake mna mota na gia zake vikiwa pamoja, na wajenzi wa roboti ulimwenguni wamezitumia kwa miaka mingi. Kwa ile ndogo ya kilo 1.36 utahitaji mota ndogo zenye gia, na mota ya droni kwa silaha.

Sasa tuje kwenye silaha, mahali ambapo kila timu hugombana. Kuna kabari, inayopenya chini ya adui na kumsukuma. Kuna mrushaji, anayemnyanyua na kumtupa. Chaos 2 ya Robot Wars ilishinda mashindano mawili mfululizo kwa mtindo huo, ikiwarusha wenzake hadi nje ya ulingo. Na kuna silaha ya kuzunguka, diski au bamba, ambayo ndiyo inayowafanya watazamaji wasimame.

Nishati ya diski inahesabika. Chukua diski ya kilo 10 yenye upana wa sentimita 40, uizungushe mara 3,000 kwa dakika. Inakuwa imebeba karibu jouli 10,000, sawa na gunia la mchele la kilo 50 likidondoka kutoka urefu wa mita 20. Ukiongeza kasi mara mbili, nishati haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ukingo wake katika kasi ile ya kwanza unakwenda kilomita 226 kwa saa, na BattleBots haikuruhusu zaidi ya 402. Kwa hiyo katika timu yako atakuwepo mmoja ambaye kazi yake ni kusema "ongeza kasi". Msikilize kwa adabu, kisha mpe karatasi na kalamu apige hesabu hiyo mwenyewe, kwa sababu nguvu itakayompiga adui huirudia pia fremu yako.

Hapa sitaki utani. Silaha ya kuzunguka haijaribiwi sebuleni, wala uwanjani watoto wakiwa wameizunguka. Inajaribiwa ndani ya sanduku la plastiki ngumu ya polikaboneti, kamwe si kioo. Roboti ikiwa nje ya sanduku, silaha lazima ifungwe kwa kipande cha chuma kinachoizuia kuzunguka, na swichi kuu au kiungo cha umeme kiwe mahali ambapo mkono unafika bila kuvuka njia ya silaha. Kabla hujaweka silaha yenyewe, washa roboti, izime rimoti ghafla, uangalie: magurudumu na mota ya silaha ni lazima visimame vyenyewe. Visiposimama, kazi ya siku hiyo ni hiyo tu.

Betri za lithiamu polima zinahitaji adabu zaidi kuliko silaha. Seli moja ikijaa ina volti 4.2, ukiizidisha inavimba, na iliyovimba au kutobolewa inaweza kuwaka moto mkali wenye moshi wa sumu. Zichaji kwa chaja yake, mchana, ukiwa umekaa hapo, juu ya simiti, na ndoo ya mchanga mkavu karibu. Usizichaji usiku ukalala kwa sababu stima ilipotea jioni na kesho kuna pambano. Afadhali ukose pambano.

Jina la roboti lisitungwe na kamati. Washindi wa BattleBots wana majina mafupi yenye meno: Bite Force, Tombstone, SawBlaze. Huku Kwelea lingefaa, maana hakuna mkulima wa Mwea asiyejua tishio la ndege hao wakishuka kwa maelfu. Nyamindi na Thiba ni majina ya mito inayolisha mashamba haya, na yanatangazika vizuri. Konokono naye asidharauliwe: yule wa tufaha aliyegunduliwa Mwea mwaka 2020 aliwatia wakulima hasara bila kukimbia hata hatua moja, na roboti ya kabari inayokwenda taratibu bila kusimama inaweza kulibeba jina lake kwa haki.

Utaambiwa kwamba watu wa kutoka mbali hawashindi. Waambie habari za End Game, roboti ya timu ya New Zealand iliyotwaa ubingwa wa BattleBots wa mwaka 2020. Waambie habari za Minotaur, roboti ya kundi la RioBotz la chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro. Mwalimu wa kundi hilo, Marco Antonio Meggiolaro, aliandika kitabu kizima cha kufundisha ujenzi wa roboti za vita na kukitoa bure kwa yeyote. Kisome hicho kabla hujanunua hata nati. Waambie pia kwamba Kenya imeshapeleka vijana kwenye mashindano ya roboti ya kimataifa: mwaka 2017 timu yetu ilikuwa Washington kwenye FIRST Global, pamoja na nchi zaidi ya 150. Kule roboti hazipigani. Mwaka huo zilikuwa zikitenganisha mipira iliyowakilisha maji safi na machafu, nchi tatu zikishirikiana upande mmoja. Lakini kufungasha mashine, kuipitisha uwanja wa ndege, kuikuta imelegea na kuifunga upya ugenini ni kazi ileile.

Kwenye ndege, kumbuka kwamba betri za akiba za lithiamu husafiri na abiria kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini. Hadi wati-saa 100 kwa kawaida huruhusiwa. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya hapo haipandi na abiria. Betri za roboti ndogo zitapita. Za kilo 113 huenda zisipite, basi zipangie njia nyingine mapema, miezi kabla ya harambee ya nauli.

Ukifika mbele ya kamera, sema mambo mawili: mashine yako inafanya nini, na nani waliijenga. Mtaje fundi. Mtaje mwalimu. Ongea Kiswahili kama ndicho kinachokutoka vizuri. Kutafuta mkalimani ni kazi ya mwenye kipindi.

Kisha kuna siku utapigwa. Gurudumu litaruka upande mmoja, betri upande mwingine, na unaweza kuwa na nusu saa tu kabla ya pambano linalofuata. Hapa ndipo mtu wa Mwea ana mtaji ambao hauuzwi dukani, maana amekua akiona mashine ya kuvuna ikifunguliwa kando ya mfereji na kurudi kazini kabla ya jua kuzama. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jenga roboti yako ukifikiria jioni hiyo: bolti za saizi moja ili spana moja itoshe, nyaya zenye viungo vya kuchomoa, magurudumu ya akiba yaliyokwisha kufungwa kwenye ekseli. Bite Force, iliyochukua ubingwa mara tatu, ilikuwa ikibadilishwa vipande kulingana na adui wa siku, na hilo liliwezekana kwa sababu ilijengwa ili ifunguke upesi.

Televisheni iko mbali, lakini pambano la kwanza si lazima liwe mbali. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi pale Nyeri kinafundisha uhandisi wa mekatroniki. Chuo Kikuu cha Kirinyaga kiko Kutus, karibu na hapa. Wang'uru ina uwanja ulioandaa Sikukuu ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2021 mbele ya taifa zima. Kinachokosekana ni sanduku moja la polikaboneti, mizani, majaji watatu na walimu wawili watakaokubali kupoteza Jumamosi. Mwalimu wa fizikia unayesoma hapa, na wewe fundi mwenye karakana kando ya barabara ya Embu: wapeni vijana meza moja na pembe moja ya banda, na mtangaze tarehe.