Mjomba, Huku Banda Linavaa Chandarua

Mjomba,

Madhumuni ya barua hii ni banda. Ndiyo, banda. Wewe uliyeezeka mabanda kuanzia Mkwaja hadi Ushongo, huko kwetu Pangani, kaa kitako kwanza, maana mengine nitakayosimulia utadhani nimeyatunga.

Huku Brooklyn Park, Minnesota, nyumba nyingi zina uwanja nyuma, na mwenye uwanja hana amani mpaka aweke gazebo. Ni banda la kupumzikia, ila wenzetu hawaingii humo kukimbia jua. Jua la huku ni mgeni wa miezi mitatu. Likitoka, watu wanalilalia kifua wazi kwenye majani. Wanachokimbia ni mbu. Wenyeji wanatania kwamba mbu ndiye ndege wa jimbo lao. Malaria hana, lakini ameamka na njaa ya majira yote ya baridi. Basi gazebo huuzwa na chandarua chake, pande zote nne, chenye zipu. Mtu mzima anaingia na chai yake, anageuka, anajifungia zipu, kisha anatangaza kwamba anafurahia hewa ya nje.

Sasa kuchagua. Kuna la kukunja, vyuma vyembamba na turubai juu, futi 10 kwa 10. Hilo ni la shughuli ya mchana mmoja. Upepo ukivuma linahamia kwa jirani bila kuaga, na theluji ikilikuta nje, umebaki na vyuma chakavu. Nilikuwa nalitetea kwa sababu ya bei, mpaka mzee wa nyumba ya pili akanisimulia habari za Metrodome, uliokuwa uwanja mkubwa wa michezo hapa Minneapolis. Paa lake lilikuwa la kitambaa kilichoinuliwa kwa hewa. Desemba 12, 2010, baada ya dhoruba ya theluji ya inchi 17 hivi, likachanika na mzigo wote ukamwagika uwanjani. Hakuna aliyeumia, ila timu ya Vikings ilibidi ikachezee mechi yake Detroit. Ikiwa wahandisi wa uwanja mzima walishindwa, mimi na turubai la dukani ni nani?

Kuna na pergola: nguzo, boriti, fito, basi. Juu hakuna kitu. Ungelikuta Pangani ungeuliza fundi amekimbilia wapi na malipo ya awali. Huku ndivyo lilivyokusudiwa, na watu wanalilipia.

Lililomteka mkweo, mume wangu, ni la mbao za mwerezi mwekundu, mti usiooza upesi na unaonukia vizuri. Tena alilitaka la pembe nane, na juu ya paa kijipaa kingine kidogo, na juu ya kijipaa jogoo wa chuma wa kuonyesha upepo unakotoka. Unamjua Mhaya wako: kitu kisichoonekana kutoka barabarani, kwake hakijajengwa. Akanieleza kwamba pembe nane zinamkumbusha msonge wa babu yake. Nikamwambia msonge ni duara, na babu yake hakuwa na jogoo wa chuma. Nikamwekea na hesabu: banda la mraba la futi 12 kwa 12 linakupa futi za mraba 144, la pembe nane lenye upana uleule, kama 119. Zilizobaki umemgawia mbu. Halafu meza yetu ina pembe nne na kochi lina pembe nne, sasa tutavipanga vipi humo? Akanyamaza, jambo ambalo kwao si la kila siku.

Ila kwenye mwinuko wa paa alinipata. Wewe ulinifundisha kwamba paa la makuti likilala, linavuja. Huku likilala, linaanguka. Theluji ikiwa kavu, kimo cha futi moja ni kama pauni 5 kwa kila futi ya mraba. Ikilowana inaweza kufika 20. Piga hesabu kwa hizo futi 144: ni zaidi ya kilo 1,300, gari zima la IST na abiria wake limepaki juu ya kombamoyo zako. Msonge ungeimwaga yote. Lakini msonge hawauzi.

Tukahamia ardhini, na huko ndiko kwenye kituko. Maji yaliyo kwenye udongo yakiganda yanavimba na kusukuma nguzo juu, kwa hiyo msingi lazima ushuke chini ya pale baridi inapofika. Kanuni za jimbo zinataka inchi 42 upande wetu wa kusini na 60 huko kaskazini. Futi tatu na nusu, mjomba, kwa nguzo ya banda! Hapo kwetu ukichimba hivyo majirani wanakuja kuuliza msiba ni wa nani.

Na huchimbi tu. Unapiga kwanza simu namba 811, bure, wanakuja watu kupaka rangi kwenye majani yako: nyekundu umeme, njano gesi, buluu maji, chungwa waya za simu, kijani majitaka. Kibali cha ujenzi tulikiepuka, maana kibanda kisichozidi futi za mraba 200 hakikihitaji, ingawa umbali kutoka mpaka wa jirani bado unapimwa. Kamati ya mtaa hatukuiepuka. Ilituletea rangi za kuchagua: kahawia, kahawia iliyokoza, na kahawia iliyopauka. Mkweo aliuliza kuhusu jogoo. Jogoo hakujibiwa.

Tumechukua la mraba, nguzo za alumini, paa la bati la chuma la ngazi mbili, na katikati upenyo wa kutolea joto na upepo. Bei sitaitaja, barua hii inasomwa na wengi na ada za Januari zinakaribia. Karatasi ya maelekezo inasema watu wawili wanatosha. Jirani zetu Wakisii walikuja wanne, wakasema hii ni kazi ndogo tumalize twende, na jioni tulikuwa na paa zuri sana lililokaa chini kwenye majani na nguzo nne zisizojulikana mbele wala nyuma. Limesimama Jumapili iliyofuata.

Sasa ombi langu. Mkweo amegundua kwamba kuna makuti ya plastiki, yanauzwa mabunda mabunda, na anataka kuyafunga juu ya bati ili “lifanane na kwa mjomba”. Jiko la gesi la kuchomea nyama liko hatua chache tu kutoka hapo. Mimi hanisikii. Mwandikie wewe, kama mkwe na kama fundi, na usimwandikie kwa upole.

Mpwa wako,
Mwanaidi