Barua ya Wazi kwa Meneja Aliyekisamehe Kidole Changu

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Wafanyakazi,
Kiwanda cha ndoo za plastiki (jina nalisitiri, nawe walijua),
Changamwe, Mombasa.

Mheshimiwa,

KUH: SHUKRANI ZA DHATI

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, kwa hivyo uniwie radhi kwa hati hii. Ule wa kulia bado unajifunza kuishi bila kidole cha shahada. Uliponiambia nilete ushahidi kwamba niliumia kazini, nilitahayari kidogo, maana shahidi wangu mkuu alibaki ndani ya mashine yako ya kusaga plastiki.

Sijasahau wema wako. Hukunikata mshahara kwa ajili ya ndoo zilizorowa damu. Ulikisamehe kidole changu kwa kuingia kwenye mashine bila ruhusa, ukanifafanulia kwa upole kwamba kosa lilikuwa uzembe wangu. Kifuniko cha mashine kilichoondolewa ili kazi iende mbio hukukitaja. Naamini ni kwa heshima tu, kwa kuwa hakikuwapo kujitetea.

Kisha ukanipa bahasha. Juu umeandika "chai", ndani shilingi 5,000 na karatasi moja inayosema sina dai lolote, leo wala kesho. Chai nimeinywa. Karatasi naiangalia hadi leo, kwani kidole ulichotaka nikuwekee sahihi kwacho ndicho hicho kilichosagwa.

Tangu hapo umenialika ofisini mara kwa mara: "Njoo mwezi ujao." Nimezihesabu njoo hizo kwa vidole. Zimefika tisa, na vidole vimeniishia.

Nilidhani ni shughuli nyingi, kumbe ni hesabu. Mtaani kwetu kuna mama wa msaada wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Sikumpata mapema. Wa kwanza kunifikia, bendeji ikiwa bado mbichi, alikuwa broka wa hospitalini aliyetaka nusu ya fidia kabla hajanijua jina. Mama huyu hakutaka hata senti. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, uliumia tarehe ngapi?"

Nilipomjibu, akanisomea Sheria ya fidia ya kuumia kazini ya mwaka 2007, ile tunayoiita WIBA. Mfanyakazi aliyeumia ana miezi kumi na miwili ya kuwasilisha dai lake. Hapo ndipo nilipouelewa ukarimu wako, Mheshimiwa. Ungenialika mara tatu tu zaidi, sheria ingenifungia mlango na wewe ungebaki na mikono misafi, yenye vidole vyote kumi.

Nakiri wewe ni msomi. Nilipotaja wakili, ulicheka ukasema: "Korti? Mahakama ya Juu ilishawafungia mwaka 2019." Ni kweli. Tarehe 3 Desemba 2019 mahakama hiyo iliafiki kwamba dai la kuumia kazini lianze kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si kwa hakimu. Lakini inaonekana nakala yako ya sheria ilichanika katikati. Niruhusu nikusomee kurasa zilizopotea.

Inasema mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba. Wewe una miezi tisa. Inasema kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na dai likishawasilishwa lilipwe ndani ya siku 90. Haiulizi nani alizembea, mradi ajali haikutokana na utovu wa nidhamu wa makusudi, na hadi leo sijakutana na kibarua anayekata kidole chake ili apate chai. Na huyo kibarua unayesema hana fidia? Sheria inamwita mfanyakazi mtu yeyote aliyeajiriwa kwa ujira. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga, na baada ya hapo Mahakama ya Ajira na Leba ipo. Mlango haukufungwa, Mheshimiwa. Ulihamishwa tu, na wewe ukasimama mbele yake.

Tuje kwenye hesabu, fani yako. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa mshahara wa miezi 96. Mshahara wangu ni shilingi 15,600. Mara 96 ni 1,497,600. Daktari ameandika asilimia kumi, yaani shilingi 149,760. Ukiondoa chai yako, zinabaki 144,760. Hata chai ya hoteli za ufuoni haijafika bei hiyo.

Sina ombi kubwa. Fomu ya ajali iko kwenye droo yako ya pili, chini ya kalenda ya mwaka jana. Niliiona siku ulipokuwa ukitafuta kalamu ya kunisainisha. Jaza sehemu ya mwajiri, daktari atajaza yake.

Nanyi wenzangu wa zamu ya usiku: andikeni tarehe ya ajali siku ile ile, msitie sahihi karatasi msiyoielewa, na tafuteni msaada wa kisheria kabla hamjaitwa mwezi ujao.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitafika ofisini kwako, Mheshimiwa, na safari hii siji peke yangu. Nitakuja na mama wa msaada wa kisheria na mwenzangu aliyeizima mashine siku ile. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tutakuwa na ishirini na tisa.

Wako mtiifu, kwa miezi mitatu iliyosalia,
Kibarua wa mashine ya kusaga