Mangi Asiyehesabu Hela

Jumatatu ya tarehe 7 Aprili 2014 ilikuwa Siku ya Karume, nami nililala kama mtu anayelipwa kwa kulala. Usiku wa siku hiyo, kwa saa za huku kwetu, wenye programu ya OpenSSL wakatangaza kwamba programu yao ina tundu. Nilizipata habari Jumanne asubuhi, nimesimama mlangoni mwa daladala, bomba mkono huu, simu mkono huu. Nikapiga ukelele wa "Mungu wangu!" hata konda akagonga bodi gari lisimame, akidhani nimepitishwa kituo.

Nilikuwa mtu wa kompyuta wa kampuni moja ndogo ya Dar es Salaam. Seva ni mimi, printa ni mimi, na feni ikigoma naitwa mimi. Siri za wateja wetu zilikuwa zinafungwa na hiyo OpenSSL, programu ambayo hatukuiandika, hatukuinunua, na nikiri tu, hatukuwahi hata kuifikiria. Nusu ya dunia ilikuwa hivyo hivyo. Wenyewe walikuwa wakipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwetu kinawazidi.

Tundu lilipewa jina la Heartbleed, moyo unaovuja damu, kwa sababu lilikaa kwenye utaratibu uitwao mapigo ya moyo. Kompyuta moja inaiuliza nyingine, "Upo?", inatuma neno na kutaja urefu wake, na nyingine inarudisha neno lile lile. Bosi hakuelewa. Nikamtoa nje hadi dukani kwa Mangi.

"Mzee, chukulia umempa Mangi mia tano, halafu ukamwambia, 'Nilikupa elfu kumi, nirudishie.' Mangi hahesabu. Anakupa mia tano yako, kisha anakomba droo mpaka elfu kumi itimie. Humo mna hela za wengine, daftari la madeni na ufunguo wa stoo."

"Akishatoa?"

"Hakumbuki hata kama ulikuja."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila ombi liliweza kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva, na aliyechota hakuacha alama kwenye rekodi za kawaida. Mangi mwenyewe alikuwa anasikiliza, wala hakufurahi. Siku hiyo soda nililipishwa kabla ya kufunguliwa.

Dawa ilikuwa mistari michache tu, ya kumwambia Mangi ahesabu kwanza. Nikasasisha seva yetu mpya, nikaiuliza toleo. Ikajibu 1.0.1. Nami nilikuwa nimesoma kwamba lililotibiwa ni 1.0.1g. Nikasasisha tena. 1.0.1. Mara ya tatu nikasasisha nikiwa nimesimama, labda ingeniheshimu. Saa nzima ikapita ndipo nikagundua kuwa wenye Ubuntu huichukua dawa na kuipachika kwenye toleo lile lile la zamani bila kuligusa jina. Cha kutazama ni tarehe ya kutengenezwa, nayo ilisema 7 Aprili. Nikamwandikia bosi: "Tumepona." Kisha nikapima.

Inavuja.

Kumbe sikuwa nimeizima na kuiwasha upya programu ya tovuti. Nilikuwa nimeleta muuzaji mpya anayejua hesabu, nikamketisha uani, huku kaunta bado yupo yule yule wa zamani akigawa hela. Amri moja, sekunde mbili, kimya. Nikaandika tena: "Sasa tumepona kweli."

Bosi akajibu: "Na ile nyingine?"

Ile nyingine ilikuwa seva kuukuu chini ya meza ya uhasibu. Kwa miaka miwili nilikuwa naiombea bajeti ya kustaafu. Inanguruma kama mashine ya kusaga, na mama wa uhasibu huweka kikombe chake cha chai juu yake kisipoe. Nikaipima jicho moja nimelifumba. Salama salimini! Ilikuwa na OpenSSL 0.9.8, na lile tundu lilianzia toleo la 1.0.1 la mwaka 2012. Kizee hakikuwa na moyo wa kuvuja. Bosi alinitazama kwa muda.

"Na wewe kijana ulitaka nikitupe."

Nilikuwa na la kusema kuhusu matundu mengine ya kizee kile. Nikaenda kunywa maji.

Kuziba peke yake hakutoshi, maana ufunguo wa siri ungeweza kuwa umeshachotwa. Jumatano nikatengeneza ufunguo mpya na kuomba cheti kipya. Watoa vyeti wakatuma barua ya uthibitisho kwa anwani ya postmaster ya kampuni. Saa nne nasubiri, saa saba nasubiri. Saa tisa nikafukua mipangilio na kukuta kuwa anwani hiyo inapeleka barua zake kwa fundi aliyenitangulia, ambaye aliacha kazi akaenda Dodoma kufuga kuku. Nikampigia.

"Ah, mdogo wangu, nimeiona tangu asubuhi. Nimeifuta, nilijua matapeli."

Ikatumwa nyingine, akaithibitisha hapo hapo bandani. Kuku nilikuwa nawasikia.

Zikabaki nywila. Niliwaandikia wote: "HARAKA! Badilisheni nywila zenu leo." Hadi jioni hakuna hata mmoja aliyebadilisha. Nikaenda kwa mama wa uhasibu.

"Mwanangu, si wewe uliyetufundisha mwezi jana? Ukiona barua inakuharakisha ubadilishe nywila, huo utapeli. Nimewaambia na wenzangu waifute."

Hapo sikuwa na jibu. Nilipita meza kwa meza kama mkusanya michango ya harusi, nikisimama nyuma ya kila mtu akibadilisha. Mama wa uhasibu alibadilisha vizuri kabisa, kisha akaitaja nywila mpya kwa sauti mara tatu ili asiisahau. Tukaanza upya.

Nawe unayesoma, kama ofisini kwenu kuna seva, hebu kaulize leo hii barua za postmaster zinaingia kwa nani. Zetu zilikuwa zinafutiwa bandani Dodoma.