Pipa la Mama Mkwe

Masika ya 2019 yalitukuta na pipa la lita 200 kwenye pembe ya ua, chini ya mchirizi wa paa. Mwenye pipa ni mama mkwe. Kwetu, upande wa Temeke, maji ya bomba ni ya mgao, tena mara nyingi hutoka usiku wa manane, kwa hiyo pipa lile lilikuwa na heshima kuliko kabati la sebuleni. Maji yake ya mvua mama aliyachuja kwa kanga kuukuu, akayatawadhia na kuyapikia chai. Hakuna aliyethubutu kulisogeza.

Aliyeanza kuugua ni Baba Watoto. Homa kali, macho yanauma kwa ndani, viungo havishikiki. Tukasema malaria. Kipimo kikakataa. Akafuata shemeji, kisha mtoto wetu wa kati. Mama mkwe akanigeukia: "Hivi vyandarua unavishusha kweli?" Nilikuwa navishusha kila magharibi. Ng'ambo ya ukuta jirani naye aliuguza watoto wawili, akasema mbu wanatoka kwenye migomba yetu. Shemeji, akiwa amelala, akapaza sauti kwamba wanatoka kwenye mtaro wake. Maneno yakakua, na majirani tulioazimana chumvi miaka yote tukaanza kupishana bila salamu.

Zahanati wakasema ni dengue. Mwaka ule wagonjwa Dar es Salaam walihesabiwa kwa maelfu. Shemeji alikwisha agiza diklofenaki dukani. Muuguzi akaikataza, na aspirini na ibuprofeni pia, kwa sababu katika homa hii huongeza hatari ya kutokwa damu. Apewe parasetamoli na vinywaji kwa wingi. Akitapika mfululizo, tumbo likimuuma sana au fizi zikivuja damu, akimbizwe hospitali. Hili nalirudia kwa kila ninayekutana naye: hatari ya dengue mara nyingi huja homa inaposhuka, wakati ambapo watu nyumbani wameshaanza kupumua.

Ndipo akaja bibi afya, binti mdogo mwenye tochi na kopo jeupe, ameongozana na mjumbe wetu. Alianza na mtaro wa jirani. Akachota, akatazama, akasema mbu wa maji machafu ni kuleksi, anayesumbua usiku na kueneza matende na mabusha. Wa dengue ni mwingine: ana madoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na anapenda maji yaliyotulia katika vyombo vya watu. Basi vyandarua vyangu vya usiku vingemzuia vipi?

Akaingia kwetu. Tairi nyuma ya banda la kuku: viluwiluwi. Trei ya nyuma ya jokofu: viluwiluwi. Alipoelekea pembeni mwa ua, mama mkwe akasimama mbele ya pipa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maji haya nimeyakinga mwenyewe, mwanangu. Hayamwagwi."

Binti hakubishana. Akaomba ruhusa achote kidogo tu, akampa mama lile kopo alishike mwenyewe kwenye mwanga. Mama akaliinamia kwa muda mrefu. Vijidudu vilikuwa vinapanda na kushuka majini.

"Na chai nimeinywa," akasema polepole.

"Ukichemsha hawadhuru, bibi. Wakiota mabawa ndiyo shida."

Hapo nilimwona mtaalamu wa kweli. Alitwambia maji yale tumwagilie mchicha, kwa kuwa viluwiluwi hufa kwenye udongo mkavu. Kisha pipa lisuguliwe kuta za ndani kwa brashi na sabuni, maana mayai hugandia pale juu ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri kuloweshwa tena. Baada ya hapo likinge maji upya, lifunikwe kitambaa kizito na kufungwa kamba, na lisuguliwe kila wiki, kwa sababu yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi.

Mama mkwe alisugua mwenyewe. Alipomaliza akaenda kwa jirani, akabisha hodi, akamwomba waangalie naye makopo ya maua yake. Walikuta viluwiluwi huko pia. Mbu huyu haruki mbali na alipozaliwa, lakini ukuta wa ua si kitu kwake. Wagonjwa wa nyumba zote mbili waliumwa na mbu waliozaliwa pande zote mbili. Wote walipona, na salamu zikarudi.

Mjini kwetu pipa linatokana na bomba kavu. Kuwahimiza watu wafunike maji bila kuwapa maji ya uhakika ni kuwaachia kina mama kazi ya serikali. Kwa hiyo naomba mawili: bibi afya akibisha hodi, mfungulie geti na umwonyeshe hata uvungu wa jokofu, na mkutano wa mtaa ukiitishwa, simama uulize maji ya bomba yatatoka kila siku kuanzia lini.