Ligombo, Mvua na Mhuri wa Kijiji

Unasaji wa muziki wa asili, yaani kazi ya kuwafuata waimbaji na wapigaji vijijini mwao ili sauti zao zihifadhiwe kwa chombo, huhesabiwa vitabuni kuwa tawi la elimu ya muziki, ingawa aliyepata kuifanya kazi hiyo katika vijiji vya Iringa na Mbeya angeiweka pia chini ya elimu ya hali ya hewa, utawala wa vijiji na ufugaji wa kuku.

Misukosuko huanzia kwenye ala yenyewe. Ligombo la Wahehe ni ubao uliochongwa kwa umbo la hori, ambao uzi hupitishwa juu yake kwenda na kurudi mara kadhaa, na kibuyu hufungwa ili kuikuza sauti. Hata hivyo sauti hiyo hubaki ndogo, inayowatosha walioketi karibu. Kwa sababu hiyo mnasaji hulazimika kuongeza usikivu wa kipaza sauti, na kipaza sauti kilichoongezewa usikivu hakibagui: hupokea ligombo, jogoo, bodaboda inayopanda kilima, mtoto anayekohoa nyuma ya nyumba, pamoja na mzee wa heshima anayewanyamazisha watoto kwa sauti kubwa kuliko ya watoto wenyewe. Jambo hili linastahili utafiti wa peke yake, kwamba katika kijiji kilichoombwa kukaa kimya, anayeharibu wimbo mara nyingi ndiye aliyekabidhiwa kuusimamia ukimya. Wimbo ukimalizika, mpigaji huvikwa hedifoni ili ajisikilize, na anapoulizwa, "Babu, inasikika?" hujibu kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, kwa kuwa aliyezibwa masikio hudhani wenzake nao wamezibwa.

Kalenda nayo haina huruma. Mvua za nyanda hizi huja kwa msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Novemba hadi Mei, na zikipiga juu ya bati hakuna uimbaji unaosikika, huku ngozi za ngoma zikilegea kwa unyevu hadi zipashwe moto. Mara ngoma zinapokuwa tayari, wapigaji wenyewe wameshasogea kuota moto uleule na hawana haraka ya kuondoka. Kiangazi ndicho msimu wa harusi na ngoma za baada ya mavuno, lakini huja na baridi ya Juni na Julai, ambayo katika mji kama Mbeya, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hupunguza nguvu za betri kabla ya wakati wake na kuvifanya vidole viwe vizito kwenye nyuzi. Baada ya hapo hufuata upepo, ambao hunguruma hata ndani ya kipaza sauti kilichovikwa manyoya, yaani kile kifuniko cha kukinga upepo ambacho watoto hukidhania kuwa mnyama aliyekufa na mbwa hukidhania kuwa mnyama aliye hai.

Kibali nacho kina safari yake. Mtafiti kutoka nje ya nchi huanzia kwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, kisha barua hushuka mkoani, wilayani na katani hadi kwa mtendaji wa kijiji, mtumishi wa serikali anayetunza mhuri. Na kwa kuwa mtendaji naye ni mkulima, mhuri huweza kuwa ofisini wakati mwenyewe yuko kwenye viazi.

Barua ikishapigwa mhuri hufuata ukarimu, ambao kwa kazi hii ni hatari kuliko mvua. Iringa wakati wa masika hugemwa ulanzi, pombe itokanayo na utomvu wa mwanzi mchanga uliokatwa ncha, ambao ukiwa mbichi huwa mtamu na kadiri saa zinavyopita huchacha ukawa mkali. Muziki hufuata njia hiyohiyo: wimbo wa asubuhi una sauti lakini hauna moyo, kwa sababu waimbaji wanakionea haya chombo, wa jioni una moyo, lakini kila mwimbaji yuko kwenye ubeti wake, na mnasaji aliyepokea kila kikombe kwa adabu hawezi tena kuapa kwamba alibonyeza kitufe chekundu. Kukataa nako si dawa, maana mgeni anayekataa kinywaji cha wenyeji huimbiwa nyimbo fupi.

Waliotangulia hawakuwa na wepesi wowote. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa koloni, upande wa Lindi na Makonde, akiwa na fonografu, mashine iliyochora sauti juu ya silinda za nta. Joto ni adui wa nta, na ni bahati mbaya kwamba safari hiyo haikuelekea Mbeya, ambako asubuhi ya Julai hata siagi hugoma kupakwa. Hugh Tracey, Mwingereza aliyenasa muziki Tanganyika mwaka 1950, ukiwamo wa Wahehe, alitembea na gari la mitambo na jenereta, ambayo ilibidi ikae mbali, mwishoni mwa waya mrefu, ili isijipatie nafasi katika kila wimbo. Maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 iko leo Makhanda, Afrika Kusini, na mjukuu wa mpigaji ligombo anayetaka kuifikia kwa intaneti itambidi kwanza apande kichuguu chenye mtandao.

Hazina iliyo karibu zaidi imo makabatini, katika kaseti zilizonaswa harusini na ngomani miaka ya 1980 na 1990, ambazo adui yake mkubwa si panya bali kijana wa nyumbani aliyetafuta kanda tupu ya kunasia matangazo ya mpira. Mwenye kaseti ya namna hiyo aandike juu ya kasha jina la mwimbaji, kijiji na mwaka, kisha avunje vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, kwa kuwa redio haiwezi kunasa juu ya kanda isiyo na vijino. Na asimwambie mtoto yeyote kwamba kipande cha selotepu hurudisha mambo yalivyokuwa.