Tuandikieni Wakwe Zetu Kwenye Hati ya Mizigo

Kwa Waheshimiwa Wasimamizi wa Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, Tunduma na Nakonde,

Kwanza tunawashukuru kwa jinsi shaba ilivyotunzwa wakati wa korona. Aprili 6, 2020, mawaziri wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), Tanzania ikiwa mwenyekiti, walipitisha mwongozo wa kurahisisha safari za bidhaa muhimu na kupunguza zile za abiria. Shaba ikaendelea kuteremka kwenda bandari ya Dar es Salaam, mafuta yakapanda kwenda Zambia. Mke aliyezaliwa Nakonde, Zambia, na kuolewa Mlowo, Tanzania, hakuwa bidhaa muhimu. Ndiyo maana tunaomba: gonjwa jingine likiingia, wenza wa kigeni waandikwe kwenye hati ya mizigo. Wapitishwe mizani, wafungwe lakiri, wakabidhiwe kwa mama mkwe dhidi ya saini.

Mei 9, 2020, Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85, na 76 kati yao walikuwa wa Nakonde, madereva wa malori wakiwemo. Rais wake wa wakati huo, Edgar Lungu, akafunga mpaka. Hatumlaumu. Sisi Watanzania tulikuwa tumeacha kutangaza takwimu, tukabaki na wagonjwa wetu 509 ambao hawakuongezeka hata mmoja kwenye karatasi, na jirani wa mtu aliyeacha kuhesabu ana haki ya kukaza komeo. Lakini siku chache baadaye, yaliyoanza kufunguliwa lango ni malori. Dereva hukaa foleni, hulala gesti, hula kwa mama ntilie, kisha huyo anavuka na kwenda kulala mji mwingine. Mkwe anakuja kukaa nyumba moja, na watu ambao mwenyekiti wa mtaa anawajua kwa majina. Kama kipimo kilikuwa maambukizi, basi kilishikwa kichwa chini miguu juu. Kama kilikuwa mapato, semeni tu, tujue dirisha la kulipia.

Mtasema dereva hupimwa. Mpimeni na mkwe; pua ni ile ile. Mtasema kila mtu atadai ana mume ng'ambo. Ndoa za huku zina cheti, zina wazee waliopokea mahari, zina majirani wasiosahau nani alitoa ng'ombe wangapi, ushahidi ambao hati nyingi za forodha hazijawahi kuufikia. Watu wa kabila la Wanyamwanga walikuwa wakioana huku na huko kabla ya Waingereza na Wajerumani kugawana nchi mwaka 1890. Kati ya bibi harusi na mpaka, aliyekuja baadaye ni mpaka. (Bwana harusi ana shida ya ziada: Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mke wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, mume haimpi. Labda yeye aandikwe kama mzigo unaoharibika upesi.)

Pingamizi lenye uzito ni kwamba ugeni huleta mikusanyiko. Ni kweli, na harusi ya watu mia tatu ilistahili kusubiri. Lakini Tunduma na Nakonde ni miji iliyogusana kuta. Lango likifungwa, kichochoro hakifungwi, na njia ya panya haina kipimajoto wala daftari. Anayepita langoni huandikwa, na akiugua kesho atajulikana alitoka wapi na analala kwa nani. Mlipomzuia mtu anayekubali kuandikwa, mlibaki na wale wasiotaka kuandikwa, kisha mkaita hiyo tahadhari. Hata karantini ya siku 14 kwa gharama ya msafiri, iliyotangazwa Machi 2020 kwa wanaotoka nchi zilizoathirika, ingeweza kutumikiwa katika chumba cha uani kwa mama mkwe, ambako ulinzi ni mkali kuliko wa hoteli yoyote ya Mkoa wa Songwe.

Tumeshaanza kujaza fomu ili tusiwacheleweshe. Kwenye nafasi ya "thamani ya mzigo" wakwe wameandika idadi ya ng'ombe. Tafadhali mtujulishe ni kiwango gani cha kubadilisha fedha kinachotumika.

Wenu watiifu,
Wapokea mizigo wa Tunduma, Vwawa na Mlowo